Ben Shelton: amewezaje kupitia chuoni na kufika juu haraka hivi?

RaketiMbili:

Salaam wakuu. Kuna jambo kwenye tenisi ya Marekani naomba wanaolijua wanifafanulie.

Taylor Fritz namwelewa. Bingwa wa vijana US Open 2015, namba 1 ya vijana duniani, mwaka huohuo akaanza kucheza kwa malipo, na Februari 2016 tayari yuko fainali ya ATP (ziara kuu ya wanaume wa kulipwa) pale Memphis. Tommy Paul naye alikuwa bingwa wa vijana Roland Garros 2015. Njia yao ni ileile tunayoizoea.

Ben Shelton ndiye ananichanganya. Kazaliwa Oktoba 2002, ngazi ya vijana ya kimataifa hakuicheza sana, akaenda Chuo Kikuu cha Florida miaka 2, Agosti 2022 akatangaza kuingia kwenye tenisi ya kulipwa. Januari 2023 anasafiri nje ya Marekani kwa mara ya kwanza maishani mwake, na huko Melbourne anafika robo fainali ya Australian Open. Septemba mwaka huohuo, nusu fainali ya US Open.

Maswali yangu:

1. Bila viwango vya vijana vya ITF (shirikisho la tenisi la dunia), nani alijua kuwa huyu kijana anaweza?
2. Chuoni wanacheza mfumo gani hasa, na unamsaidiaje mchezaji mmoja mmoja?
3. Pesa je? Nasikia mwanafunzi hawezi kuchukua zawadi ya mashindano.
4. Kati ya Februari na Agosti 2023 mbona alipotea?

Natanguliza shukrani.

---

MstariWaNyuma:

Nijibu namba 1, wengine watamalizia.

Kwanza tuuelewe mfumo wa vijana wa ITF, maana hapo ndipo familia nyingi za Marekani hupoteza hela. Mashindano yamepangwa kwa ngazi: J30, J60, J100, J200, J300, J500, juu yake Grand Slam za vijana. Namba hiyo ndiyo pointi za bingwa. Kiwango chako kinajengwa na matokeo 6 bora ya mmoja mmoja, pamoja na robo ya pointi za matokeo 6 bora ya wawili wawili. Sasa piga hesabu: ukichukua mataji 6 ya J30 una pointi 180. Kijana aliyeshinda J300 moja tu, wiki moja, amekupita mbali. Na ukishinda J30 ya saba haikuongezei kitu, kwa sababu nafasi 6 zimejaa.

Ndiyo maana utaona kijana wa miaka 15 anazunguka mabara matatu kutafuta J60 zenye washindani dhaifu. Kiwango kinapanda, uwezo unabaki palepale. Anarudi nyumbani anachapwa na mtoto wa jirani ambaye hana hata pointi moja ya ITF.

Marekani ina kitu ambacho nchi nyingi hazina, yaani wapinzani wakali ndani ya mipaka yake. USTA, chama cha tenisi cha Marekani, inaendesha mashindano ya chini ya miaka 12, 14, 16 na 18, kuanzia ngazi ya kanda mpaka taifa. Kilele kwa wavulana ni Kalamazoo, Michigan, kila Agosti. Bingwa wa chini ya 18, kwa desturi, anapewa nafasi ya mwaliko kwenye droo kuu ya US Open. Learner Tien alilichukua taji hilo 2022 na 2023.

Baba yake Ben, Bryan Shelton, aliwahi kuwa namba 55 duniani, kisha akawa kocha wa vyuo. Yeye ndiye kocha pekee aliyetwaa ubingwa wa timu wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa wanawake (Georgia Tech 2007) na kwa wanaume (Florida 2021). Ben mwenyewe ameeleza hadharani msimamo wa mzee: kama bado hujawa bora nchini mwako, hakuna sababu ya kwenda nje kutafuta wapinzani. Akiwa mdogo alikuwa mrushaji mkuu kwenye futiboli ya Kimarekani, na tenisi aliichukulia kwa uzito akiwa amechelewa ukilinganisha na kina Fritz. Itazame sevisi yake uone bega linavyofunguka: ni mkono uliojifunza kurusha kabla ya kujifunza kupiga.

Kuhusu nani alijua: makocha wa vyuo hawategemei ITF peke yake. Wanaangalia UTR, kipimo kinachoanzia 1 hadi 16.5. Kinachukua mechi zako zisizozidi 30 za miezi 12 iliyopita, na hakijali umeshinda au umeshindwa tu, kinapima sehemu ya gemu ulizochukua dhidi ya ilivyotarajiwa. Kwa hiyo kufungwa 6-4, 6-4 na mtu aliyekuzidi sana kunaweza kukupandisha, na kumfunga mnyonge 6-3, 6-3 kunaweza kukushusha. Kijana asiyetoka nje ya Florida lakini anacheza kila mwezi na watu wa vyuo na watu wazima anajulikana vizuri kabisa kwa kipimo hiki.

---

SetiYaTatu:

Namba 2 ni yangu, na naomba nikae hapo kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuitazama mechi ya vyuo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mechi ya timu kwa timu ina pointi 7. Inaanza na mechi 3 za wawili wawili kwa pamoja, kila moja seti moja ya gemu 6. Timu inayoshinda 2 kati ya 3 inapata pointi moja. Halafu viwanja 6 vya mmoja mmoja, namba 1 hadi namba 6 kwa uwezo, seti 2 kati ya 3, kila ushindi pointi moja. Anayefika 4 kwanza ameshinda, na mechi zilizobaki kwa kawaida zinakatishwa papo hapo. Unaweza kuwa unaongoza 5-2 seti ya tatu na mechi yako isihesabiwe popote.

Sasa, mambo matatu yanayoitofautisha na ATP.

La kwanza ni 40-40. Hakuna faida, yaani ile kanuni ya kawaida ya kushinda kwa tofauti ya pointi mbili. Pointi moja inaamua gemu, na anayepokea ndiye anachagua upande. Kwa mchezaji wa mkono wa kushoto kama Shelton hili ni jambo kubwa. Silaha ya asili ya mkono wa kushoto ni slaisi ya kwenda nje kutoka upande wa kushoto wa uwanja: mpira unakata kuelekea bekihendi ya mpinzani wa mkono wa kulia na kumtoa kabisa nje ya mstari, uwanja unabaki wazi. Kwenye ATP, pointi ya faida huchezwa upande huohuo kila mara, ndiyo raha ya mkono wa kushoto. Chuoni mpokeaji si mjinga. Ikifika 40-40 anachagua upande wa kulia. Huko slaisi ya kushoto inakimbilia katikati, inamfikia kwenye bekihendi lakini haimtoi uwanjani. Kwa hiyo ili kushika gemu (kushinda gemu unayopiga sevisi wewe) lazima uwe na sevisi ya pili ya uhakika upande wa kulia: ama ile bapa ya kwenda nje kwenye fohendi yake, ama ile ya kuzungusha inayoruka juu ya bega, ama ya mwilini. Misimu miwili ya kulazimishwa upande usioupenda, kwenye pointi nzito kuliko zote, ni mazoezi ambayo akademia haiwezi kuyatengeneza.

La pili, wanaume wa Divisheni ya 1, ngazi ya juu ya vyuo, hawarudii sevisi iliyogusa wavu. Ikigusa na kuangukia ndani, mchezo unaendelea. Mpokeaji anajifunza kutolala.

La tatu ni kelele. Viwanja 6 vinachezwa kwa pamoja, wachezaji wanapigiana kelele kutoka uwanja huu hadi ule, mashabiki wanapiga makofi kati ya sevisi ya kwanza na ya pili. Mtu aliyepita hapo, uwanja wa watu 20,000 usiku wa New York haumtetemeshi.

Tazama sasa safari yake ndani ya timu. Fainali ya timu ya NCAA 2021 pale Orlando, Florida dhidi ya Baylor, Shelton wa mwaka wa kwanza alicheza uwanja wa namba 5, na yeye ndiye aliyefunga pointi ya ubingwa. Namba 5, wakuu! Mbele yake kulikuwa na watu 4 waliohesabiwa kuwa bora, akiwemo Sam Riffice ambaye siku chache baadaye alitwaa ubingwa wa mmoja mmoja. Mei 2022, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Illinois, Ben naye akawa bingwa wa mmoja mmoja wa NCAA. Miezi 12 tu.

Kilichobadilika ni nini? Mwili, kwa sehemu kubwa. Kanuni inaruhusu mazoezi ya pamoja yasiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu na saa 4 kwa siku. Hazionekani nyingi, lakini ndani yake kuna kocha wa nguvu, daktari wa viungo, meza ya chakula, na wenzako 8 au 9 wa kiwango chako wa kupigana nao kila jioni. Kijana wa miaka 18 anayezunguka peke yake kwenye M15, mashindano ya chini kabisa ya kulipwa, hana hata kimoja kati ya hivyo.

---

HesabuZaTenisi:

Pesa. Nitatenganisha vitu viwili, maana vinachanganywa kila siku: ufadhili wa masomo na zawadi za mashindano.

Ufadhili: kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya 1 iliruhusiwa ufadhili kamili 4.5 tu, ugawanywe kwa kikosi kizima. Wanawake walikuwa na 8 kamili. Kwa hiyo mvulana kupewa asilimia 50 au 60 ya gharama lilikuwa jambo la kawaida, na msichana wa kiwango kilekile alisoma bure. Makubaliano ya mahakamani yaliyoidhinishwa Juni 2025 yaliondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyojiunga nayo, na kuweka ukomo wa idadi ya wachezaji: 10 kwa tenisi. Chuo kinaweza kumlipia kila mmoja wa hao 10, kama kina fedha na kinataka. Si vyote vinataka.

Zawadi: kanuni zilivyokuwa wakati wa Shelton, kijana aliruhusiwa kupokea hadi dola 10,000 kwa mwaka kabla ya kujiunga na chuo. Akishajiunga, alikuwa anarudishiwa tu gharama halisi za shindano husika: nauli, hoteli, chakula, kocha. Kilichobaki alikiacha. Mfano unaoumiza ni wa Fiona Crawley wa North Carolina. Mwaka 2023 alishinda mechi zote 3 za mchujo US Open na kuingia droo kuu, ambako raundi ya kwanza peke yake ilikuwa na dola 81,500. Alitaka kumaliza mwaka wake wa mwisho chuoni, hivyo hakuweza kuzichukua zaidi ya gharama. Machi 2024 mchezaji mwenzake wa chuo hichohicho, Reese Brantmeier, akaishtaki NCAA kuhusu kanuni hiyo. Anayefikiria njia hii asome kanuni ya mwaka anaojiunga yeye, asitegemee ya jana. Hukumu na makubaliano yanazigeuza.

Rudi kwa Shelton uone tarehe zilivyo na maana. Majira ya joto 2022 alicheza akiwa bado na haki ya kurudi chuoni. Atlanta alishinda mechi yake ya kwanza ya ATP, kisha akamsumbua John Isner kwa seti 3. Cincinnati, kwa nafasi ya mwaliko, alimtoa Lorenzo Sonego, kisha Casper Ruud aliyekuwa ndani ya 10 bora, tena kwa seti mbili. Baada ya hapo ndipo akatangaza kuacha tenisi ya chuo. Kabla ya Cincinnati, kubaki mwaka wa tatu kulikuwa na hesabu nzuri. Baada ya Cincinnati hakukuwa na hesabu yoyote ya kubaki: zawadi, wadhamini na nafasi za mwaliko vyote vilikuwa mezani, na kila wiki ya kusita ni wiki ya pointi zilizopotea. Masomo aliendelea nayo kwa njia ya mtandao.

---

DrooKuu:

Niongeze kipande ambacho kwangu ndicho kiini cha hadithi nzima, nacho ni Novemba 2022. Watu wanakumbuka Melbourne. Melbourne ilitengenezwa Novemba.

Ngazi za kulipwa kwa wanaume, kwa jedwali la sasa: M15, bingwa anapata pointi 15 na dola 2,160 kabla ya kodi. M25, pointi 25. Kisha Challenger 50, 75, 100, 125 na 175, namba ni pointi za bingwa. Halafu ATP 250, 500, 1000. Pointi zinadumu wiki 52 na kufutika.

Maana yake, mataji matano ya M15 ni sawa na Challenger 75 moja. Mataji matano ni wiki tano na mechi 25 bila kupoteza hata moja. Hakuna anayefika juu kwa njia hiyo. Kazi yote ya mwaka wa kwanza ni kutoka M15 upesi na kuingia Challenger, na mlango wa Challenger unafunguliwa kwa vitu vitatu: kiwango, mchujo, au mwaliko. Hapa Mmarekani wa chuo ana bahati, kwa sababu bingwa wa NCAA anaalikwa. Siku hizi kuna pia mpango wa ATP na chama cha tenisi ya vyuo, ITA, ulioanza 2023, unaowapa wachezaji 20 bora wa vyuo nafasi kwenye Challenger bila kusubiri kiwango chao kipande.

Shelton baada ya kuingia rasmi, US Open 2022 alitolewa raundi ya kwanza na Nuno Borges (naye zao la chuo, Mississippi State). Hakukimbilia Ulaya. Alibaki Marekani, na Novemba akashinda Challenger tatu mfululizo: Charlottesville, Knoxville, Champaign. Droo ya watu 32 ni mechi 5, kwa hiyo mechi 15 ndani ya wiki 3, zote uwanja mgumu wa ndani, ambako hakuna upepo wa kuharibu urushaji wa mpira wala jua la kumuumiza macho. Champaign ni viwanja vya Illinois, mji uleule alikochukua ubingwa wa NCAA miezi 6 kabla. Akamaliza mwaka ndani ya 100 bora.

Kwa nini 100? Kwa sababu droo kuu ya Grand Slam ina watu 128: 104 wanaingia kwa kiwango, 16 wanatoka mchujo, 8 ni mwaliko. Na orodha inafungwa wiki 6 kabla ya shindano. Kwa Australian Open ya katikati ya Januari, hiyo ni mwanzoni mwa Desemba. Aliyekuwa nafasi ya 130 mwishoni mwa Novemba anasafiri hadi Melbourne kucheza mechi 3 za mchujo, na akipoteza ya kwanza karudi nyumbani na deni la nauli.

Kosa ninaloliona kila mwaka kwa waliotoka chuoni ni kuchelewa kujiandikisha. Kwenye mashindano ya M15 na M25, kujiandikisha kunafungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya shindano, na kujiondoa bila adhabu mwisho ni Jumanne, siku 13 kabla. Chuoni haya yote alifanya kocha msaidizi. Mtu anatoka Mei, anashtukia Juni yote haina shindano.

---

NyuziNaGripu:

Fupi tu kuhusu gharama ambazo hazitajwi. Chuoni nyuzi na mashine ya kuzifungia ni za timu. Nyuzi za poliesta zinapoteza mkazo hata raketi ikiwa kwenye mkoba, kwa hiyo mchezaji wa kiwango hiki anaingia uwanjani na raketi zilizofungwa upya kwa mechi hiyo, 3 au 4, wengine 6. Ukishinda mechi 5 kwa wiki, zihesabu. Kwenye M15 unalipia kila raketi mwenyewe. Anayeanza kubana matumizi hapo anaona mipira inaanza kutoka nje kwa hatua moja, anabadilisha fohendi badala ya kubadilisha nyuzi.

---

UdongoMwekundu:

Namba 4. Hakupotea, alikuwa anajifunza kazi hadharani.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu droo ya Melbourne 2023: Zhang Zhizhen kwa seti 5, Nicolas Jarry, Alexei Popyrin, J.J. Wolf (wa Ohio State, chuo kwa chuo), kisha Tommy Paul akamtoa. Alicheza vizuri sana, lakini hakukutana na hata mmoja wa wale wanaokaa 10 bora. Pointi za robo fainali zilimrusha juu, na kuanzia hapo kila wiki anaingia moja kwa moja mashindano makubwa, ambako raundi ya kwanza ni mtu wa nafasi ya 30 mwenye miaka 8 ya uzoefu. Zaidi ya hapo, ni viwanja ambavyo hakuvijua.

Udongo wa Ulaya ulimfunua. Sevisi ya kasi ikigonga udongo inapunguzwa na kuinuliwa, mpokeaji anasimama mita 3 au 4 nyuma ya mstari na anairudisha. Pointi iliyokuwa inaisha kwa mipigo 2 sasa ina mipigo 9. Fohendi yenye mzunguko mrefu inahitaji miguu iwe imefika mapema, na kuteleza kwenye udongo kunaanza kabla ya kupiga, si baada. Ukiteleza baada ya kupiga umeshachelewa kurudi katikati. Mtoto wa Ulaya kusini anajifunza hilo akiwa na miaka 9. Shelton alijifunza akiwa na 20, mbele ya kamera.

Pia wapinzani walikuwa na video sasa. Waligundua kuwa kwenye kurudisha sevisi alikuwa anabahatisha kwa nguvu mno, wakawa wanashika gemu zao kwa urahisi na kusubiri taibreki.

Juni 2023 Bryan akaacha kazi Florida ili amfundishe mwanawe muda wote. Kilichoonekana US Open ni uchaguzi bora wa sevisi. Dhidi ya Paul alipiga maili 149 kwa saa, kama kilomita 240, na watu wakabaki na namba hiyo. Ila angalia mpira uliofuata: mara nyingi ulikuwa wa polepole, wa kuzungusha, mwilini. Kasi ya 149 ndiyo inaifanya ile ya 115 isomeke vibaya. Akamtoa Frances Tiafoe robo fainali, akasimamishwa na Novak Djokovic. Oktoba akachukua taji la kwanza la ATP, Tokyo. Aprili 2024 akashinda Houston, ambayo ni udongo. Hiyo Houston inajibu swali lako vizuri kuliko maelezo yangu. Agosti 2025 ikaja Toronto, taji lake la kwanza la Masters 1000.

---

SivyoHivyo:

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila naona tunaelekea kusema chuo ndiyo njia, na hilo linaweza kumpoteza msomaji.

Sam Riffice, bingwa wa NCAA 2021, timu ileile, kocha yuleyule: hakufika 100 bora. Thai-Son Kwiatkowski wa Virginia, bingwa 2017: hakufika. Marcos Giron wa UCLA, bingwa 2014, alifika, lakini ilimchukua zaidi ya miaka 5, na katikati kulikuwa na upasuaji wa nyonga. Steve Johnson alishinda 2011 na 2012 akiwa na mfululizo wa ushindi 72, akawa mchezaji mzuri wa kulipwa, bila kukaribia 10 bora.

Tofauti naiona kwenye silaha. Chuoni unaweza kutawala kwa uthabiti: kurudisha kila kitu na kumsubiri mwanafunzi akosee. Mtu wa nafasi ya 60 hakosei. Isner alitoka Georgia 2007 akiwa na sevisi ambayo hakuna aliyeweza kuirudisha, na ndani ya miezi michache akawa fainali ya Washington. Shelton hivyohivyo.

Kwa wanawake hesabu ni nyingine, kwa sababu miili inakomaa mapema na walio bora wengi wameshaingia kulipwa wakiwa na miaka 16 au 17. Hata hivyo Danielle Collins alimaliza Virginia na mataji mawili ya NCAA, 2014 na 2016, akafika fainali ya Australian Open 2022. Emma Navarro, bingwa wa 2021, alikaa Virginia misimu 2, na 2024 akaingia 10 bora. Peyton Stearns wa Texas aliondoka mara tu baada ya ubingwa wa 2022.

---

RaketiMbili:

Nimeelewa mengi kuliko nilivyotegemea, asanteni sana. Swali la mwisho: nikitaka kumfuatilia mchezaji wa chuo leo, niangalie nini ili nisidanganywe na mataji?

---

SetiYaTatu:

Anza na anacheza uwanja wa namba ngapi, na dhidi ya nani. Rekodi ya 25-2 uwanja wa namba 4 ni kitu tofauti kabisa na 17-8 uwanja wa namba 1, na mimi nitamchukua wa pili.

Kisha tazama pointi anazoshinda kwenye sevisi ya pili. Ya kwanza inadanganya kwa sababu wapokeaji wa chuo hawajaizoea kasi. Ya pili haijifichi. Akiwa chini ya nusu chuoni, Challenger watamla.

Tazama matokeo yake ya Challenger wakati wa vuli na kiangazi. Hesabu seti alizochukua kwa watu walio ndani ya 200 bora, hata kama alipoteza mechi. Nishesh Basavareddy wa Stanford alikuwa akifanya hivyo 2024 akiwa bado mwanafunzi, na Januari 2025 alimchukulia Djokovic seti ya kwanza kule Melbourne.

Angalia pia kama anashinda nje na ndani. Wapo wanaotisha kwenye viwanja vya ndani Februari, na Aprili upepo ukianza urushaji wao wa mpira unasambaratika.

Na ratiba imebadilika, usitafute ubingwa wa mmoja mmoja mwezi Mei. Kuanzia msimu wa 2024-25 NCAA iliuhamishia Novemba. Michael Zheng wa Columbia ndiye aliyeuchukua wa kwanza wa mpangilio huo, pale Waco, Texas. Mei imebaki ya timu.

---

DrooKuu:

Hilo la Novemba lina uzito wake kwa tulichokuwa tunakisema. Bingwa sasa anapatikana mwezi uleule ambao Challenger za ndani za Marekani, kama zile tatu alizoshinda Shelton, zinachezwa, kwa hiyo ratiba inabana. Anayelenga orodha ya Australian Open achague mapema, kabla kujiandikisha hakujafungwa.